Swali si Usaliti: Tunachojifunza kwa Mshairi Aliyefungwa

(Hotuba iliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa kanisa, Kisauni)

 



Niliombwa nizungumze juu ya uongozi bora katika vikundi. Somo hili mmelisikia mara nyingi, na wengine wenu mwaweza kulifundisha kunishinda mimi. Mwenyekiti afanye hivi, katibu aandike vile, mweka hazina asikae na pesa nyumbani. Mwaandika, mwapiga makofi, mwanywa chai, mwaenda zenu. Miezi michache baadaye nasikia kikundi kimevunjika, na kila mtu yuasema, “Aa, mimi nilijua tangu zamani.” Hebu niwaulize: ukiwa ulijua tangu zamani, mbona hukusema?

Swali hilo ndilo lililonileta leo. Wala sitaki kulijibu kwa kutumia kitabu cha semina. Nataka tumsikilize mtu wa hapa hapa kwetu Mombasa, mshairi Abdilatif Abdalla. Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mkatoliki. Lakini nimejifunza mengi kwake juu ya imani, uhuru, ujasiri na tabia ya sisi binadamu, na naamini yatawafaa hata katika mambo madogo kama daftari la mchezo na kitabu cha benki.

Mtu mwenyewe ni nani?

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika nyumba za watu wa elimu na ushairi. Ndugu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye yule Malenga wa Mvita ambaye wengi wetu tulimsikia shuleni. Abdilatif alipokuwa kijana alifanya kazi katika upande wa hesabu wa Baraza la Manispaa la Mombasa. Likumbukeni hilo: alikuwa mtu wa hesabu.

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka katika chama tawala cha KANU, akaongoza chama cha upinzani kilichoitwa Kenya People's Union, au KPU. Kijana wetu akakiunga mkono. Mwaka 1968 ukaja uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, na karatasi za wagombea wa KPU zikakataliwa kote nchini. Ati hazikujazwa sawasawa! Basi mwezi wa Novemba mwaka huo Abdilatif akaandika karatasi na kuisambaza. Aliiita “Kenya: Twendapi?” Alikuwa na umri wa miaka 22 tu.

Tazameni vizuri jina lile. Mtu yuauliza tu njia: jamani, twendapi? Kama vile abiria ndani ya matatu anavyomwuliza utingo akiona gari limekata kona asiyoijua.

Kwa swali hilo alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Mwaka 1969 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi 18. Upande wa serikali haukuridhika, ukakata rufani, na kifungo kikaongezwa hadi miaka 3. Akafungwa Kamiti, na pia hapa kwetu Shimo la Tewa. Wengi wenu mwapita pale Shanzu mkienda Mtwapa, na mwaona wafungwa wakilima. Aliwekwa peke yake, mbali na wafungwa wengine. Humo ndani akatunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972. Mwaka 1973 mashairi hayo yakatoka kama kitabu, “Sauti ya Dhiki”. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga! Wakati huo mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam, akifanya kazi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu. Baadaye akaenda London, na kisha Leipzig, Ujerumani, alikofundisha Kiswahili miaka mingi.

Sasa, ndugu zangu, mtu huyu atufundisha nini? Nimechagua mambo manne.

La kwanza: Imani ni kile unachoshika ukiwa peke yako

Katika “Sauti ya Dhiki” liko shairi liitwalo “Siwati”. Wenyeji wa Mombasa hamhitaji kamusi: kuwata ni kuacha. Mshairi yumo ndani, yuko peke yake, hana wa kumpigia makofi. Hapo ndipo anaposema kwamba lile analolishika hataliacha.

Mimi hujiuliza: Je, ningekuwa mimi? Kanisani Jumapili nimezungukwa na watu, ni rahisi kuwa na imani. Kwenye mkutano wa kikundi sote twaimba pamoja, ni rahisi kuwa na msimamo. Lakini usiku, nikiwa peke yangu na daftari la pesa za watu, na mtoto ametumwa nyumbani kwa ajili ya karo, hapo imani yangu yaonekana rangi yake.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, twasoma habari za Paulo na Sila. Walipigwa, wakatiwa gerezani, miguu ikafungwa. Usiku wa manane wakawa wanasali na kuimba, na wafungwa wengine wakawasikiliza. Milango ilikuwa bado haijafunguka. Waliimba kwanza, ndipo yakaja mengine. Na ndugu zetu Waislamu wana kisa cha Nabii Yusufu, ambacho hata sisi twakisoma: alitiwa gerezani bila kosa, na humo humo akaendelea kumtaja Mungu na kuwasaidia wafungwa wenzake. Mwaona, jambo hili si la dini moja.

La pili: Binadamu akishapanda mnazi, kushuka ni taabu

Shairi jingine ni “Mnazi: Vuta N'kuvute”. Hapo kuna watu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini. Wa chini adai haki yake, wa juu hataki kuteremka. Wasomi wasema mnazi huo ni nchi yetu na mali yake baada ya uhuru. Ni kweli. Lakini mimi nikilisoma nakiona kikundi changu.

Nani hapa Kisauni asiyejua mnazi? Ukiwa chini, waona wa juu ni mchoyo. Ukipanda wewe, waanza kuona wa chini ni wasumbufu. “Hawa hawajui taabu ya kupanda! Hawajui upepo wa huku juu!” Mwenyekiti mliyemlaumu mwaka jana, mkimtoa mkaweka mwingine, baada ya miezi sita yule mpya yuasema maneno yale yale ya yule wa zamani. Nyani haoni kundule.

Hapa karibu tuna ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mkitoka daraja la Nyali mwapita Kengeleni, pale penye mnara wa kengele. Ni sehemu ya Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikianzisha kati ya mwaka 1874 na 1875, ili watumwa waliokombolewa kutoka majahazini wapate pa kukaa. Ilikuwa kazi njema, na wajukuu wa watu wale wako nasi mpaka leo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1880, msimamizi wa makazi hayo alishutumiwa kwamba awachapa viboko wakazi wake, na mashtaka hayo yakafika mpaka Uingereza. Hebu fikirini! Watu waliookolewa kutoka kwa kiboko cha mwenye watumwa, wakutana na kiboko cha mwokozi wao.

Sisemi haya ili kuwacheka Waanglikana. Sisi Wakatoliki tuna yetu, na si machache. Nasema hivi: usidhani kwamba kwa kuwa kazi yenu ni njema, basi viongozi wenu hawawezi kupotoka. Usidhani kwamba kwa kuwa wewe umeokoka, au waswali swala tano, basi mnazi hautakulevya. Sisi sote ni waja. Na kwa kuwa ni waja, twahitaji ngazi ya kushukia iwe tayari kabla hatujapanda.

La tatu: Ujasiri si kupiga kelele

Wengi hudhani mtu jasiri ni yule wa kusimama na kutukana. Huyo mara nyingi ana hasira tu. Nawakumbusha tena: swali la Abdilatif lilikuwa la mtu anayeipenda nchi yake. Asiyelipenda gari haulizi laenda wapi. Ashuka tu, aingia jingine.

Hapa lazima niwaeleze jambo langu mwenyewe. Nimelibeba miaka mingi na sijapata kulisema mbele ya watu wengi namna hii.

Nilipokuwa nimemaliza diploma yangu, nilipewa kutembelea vikundi sehemu fulani ya huku bara ya Mombasa. Kimoja kilikuwa cha akina mama wauza mahamri, viazi karai na samaki wa kukaanga. Walikuwa wakiweka akiba kidogo kidogo ili wanunue tangi na kufungua kioski cha maji, kwa maana mwajua wenyewe taabu ya kununua mtungi kwa bei anayotaka mwenye mkokoteni. Mimi nilikipenda sana kikundi hicho. Katika ripoti zangu nilikitaja kama mfano wa kuigwa.

Siku moja katika mkutano, mama mmoja muuza samaki aliinua mkono. Alisema kwa upole, “Mimi nataka tu kukiona kitabu cha benki.” Basi, ukumbi ukanyamaza. Mwenyekiti akamwambia, “Mama, watuaibisha mbele ya mgeni.” Mgeni huyo alikuwa ni mimi. Wengine wakaguna, mmoja akasema mama huyo ametumwa na watu wenye wivu.

Ndugu zangu, mimi kile kitabu nilikuwa nimekiona wiki iliyotangulia. Miezi minne hakikuwa kimetiwa hata shilingi, na akina mama walikuwa wakichanga kila Ijumaa. Nilijua. Ningesema neno moja tu, “Swali la mama ni la haki,” ingetosha. Sikusema. Niliogopa kikundi changu cha mfano kitaharibika, na ripoti yangu pamoja nacho. Nikatazama saa, nikasema tufunge kwa sala. Ndiyo, nilifunga kwa sala!

Yule mama hakurudi tena. Mwisho wa mwaka pesa zilipotakiwa hazikuwako, na kikundi kikafa. Mpaka leo tangi halikununuliwa.

Ilinichukua muda mrefu kwenda kumwomba radhi. Nilimkuta kwake, ameinamia karai. Aliniacha niseme yote. Kisha akaniambia, “Dada, wale waliokula sikuwa na uchungu nao sana. Walikuwa na njaa kama mimi. Uchungu wangu ulikuwa kwako wewe, uliyejua kusoma.”

Sikuwa na jibu. Alinisamehe, akanifungia samaki wawili katika gazeti nipeleke nyumbani. Lakini maneno yale hayajanitoka, na ndiyo maana nimesimama hapa leo.

Naonyesha tofauti iliyopo. Yule kijana aliuliza, akafungwa miaka mitatu, na akatoka akiwa mtu huru. Mimi sikuuliza, hakuna aliyenifunga, na nilikaa gerezani miaka mingi bila mtu kujua.

La nne: Uhuru waanzia pale swali linapokubaliwa

Twapenda kusema tulipata uhuru mwaka 1963. Bendera, ndiyo, tulipata. Lakini miaka mitano baadaye tu, mtu auliza “twendapi?” na kufungwa. Mwaka 1969 KPU yenyewe ilipigwa marufuku, na Kenya ilikaa bila chama cha upinzani mpaka kifungu cha chama kimoja kilipoondolewa katika Katiba mwaka 1991. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 33, yampa kila mtu haki ya kusema mawazo yake, na kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haya yalipatikana kwa sababu kuna waliouliza wakati ambapo kuuliza kulikuwa na gharama.

Basi, itakuwa ajabu gani, ikiwa nchi imekubali swali na kikundi cha watu ishirini hapa Kisauni hakijakubali! Uhuru wa kikundi si kuandikishwa na kupewa cheti. Kikundi kiko huru siku ile mwanachama wa mwisho kabisa, yule asiyejua kusoma, yule ambaye mchango wake ni mdogo kuliko wote, anapoweza kusema “nataka kuona kitabu” na asiogope kurudi wiki ijayo.

Tufanye nini?

Mwajua utaratibu wetu: Tazama, Amua, Tenda. Tumetazama. Naomba mkirudi vikundini mwenu mjadili na kuamua juu ya mambo haya:

1. Kitabu cha benki kisomwe kwa sauti kila mwezi, mbele ya wote, hata kama hakuna aliyeomba. Kama pesa zenu zapita kwenye simu, ujumbe wa salio usomwe vivyo hivyo. Likiwa ni jambo la kawaida, hakuna atakayeonekana amemshuku mtu.

2. Swali lolote la pesa liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na jibu liandikwe chini yake. Lisipojibiwa siku hiyo, liwe la kwanza katika mkutano unaofuata.

3. Katiba ya kikundi iseme waziwazi kwamba mwanachama hatafukuzwa wala kutozwa faini kwa kuuliza. Anayeuliza kwa matusi aonywe kwa matusi yake, lakini swali lake lijibiwe.

4. Viongozi wawe na muda maalumu, na siku ya kushuka ijulikane tangu siku ya kupanda. Kiongozi akishuka ashukuriwe, asizomewe. Mkiwazomea wanaoshuka, nani atakubali kushuka?

5. Kila mkutano mchague mtu mmoja wa kumtetea muuliza swali. Kazi yake ni moja tu: mtu akiuliza na wengine wakaanza kuguna, yeye asimame aseme, “Swali la mwenzetu ni la haki, lijibiwe.” Ni maneno machache. Mimi niliyakosa siku ile.

Na kwa ninyi viongozi mlioko hapa, nina neno la pekee. Mkiulizwa, msione mmeshtakiwa. Mtu akikuuliza kitabu kiko wapi, amekupa nafasi ya kuonyesha kwamba mikono yako ni safi. Na kama si safi, amekupa nafasi ya kurudi mapema, kabla deni halijawa kubwa kukushinda. Yule mweka hazina wa kikundi kile, lau angebanwa mwezi wa kwanza, angerudisha pesa kidogo na kubaki na jina lake. Ukimya wetu haukumsaidia hata yeye.

Kumalizia

Abdilatif hakujua kama karatasi zile zingepata kutoka nje. Hakujua kama kutakuwa na kitabu, wala tuzo, wala kwamba sisi tungekaa hapa leo kumzungumza. Alijua tu lile aliloliona ni kweli, akalishika.

Mkitoka hapa jioni, wengine mtapita Kengeleni na wengine mtaelekea Shanzu. Wazee wasimulia kwamba kengele ile ilipigwa ili kuwatahadharisha watu wakati wa hatari. Kikundi nacho chahitaji kengele. Na kengele hiyo ni mama mmoja anayeinua mkono na kuuliza kwa upole.

Akiinua, tafadhalini, msitazame saa.

 

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni lini mara ya mwisho mtu aliuliza swali la pesa katika kikundi chetu? Alijibiwaje? Bado yuko?
2. Ni nani kati yetu huwa hasemi kabisa? Je, hana la kusema, au aogopa?
3. Nikiwa mimi ndiye niliye juu ya mnazi, ningetaka nikumbushwe kwa njia gani?
4. Katika yale mambo matano, ni lipi tutaanza nalo mwezi huu, na nani atalisimamia?